Fundi amesema punje za kahawa ndizo zilizoharibu mashine yangu ya espresso. Je, nichague zipi?

#1 Mnywaji_wa_Sinza

Wakuu, salaam. Mwaka jana ndugu yangu aliniletea kutoka Ulaya mashine ya espresso ile inayofanya kila kitu yenyewe: unamimina punje kwenye tangi la juu, unabonyeza kitufe, nayo inasaga, inabana unga, inapitisha maji ya moto na kukujazia kikombe. Ilinitumikia vizuri kwa miezi minane. Mwezi uliopita ilianza kuniandikia kwenye skrini kwamba punje zimekwisha ilhali tangi limejaa, kisha kahawa ikawa nyepesi hata unaona kitako cha kikombe, na mwishowe kisagio kikakwama kabisa.

Fundi aliifungua mbele yangu, akanionyesha utando mweusi mzito kama lami uliojaa kwenye koo la kisagio, akasema mimi ndiye niliyeiua kwa kahawa yangu. Nilimlipa shilingi 150,000 na ushauri wake wa bure ukawa kwamba nibadilishe punje. Nikamuuliza nibadilishe niweke zipi, akajibu, "Zisizo na mafuta." Punje zangu hununua kwa jamaa anayekaanga nyumbani kwake, ni nyeusi ti, zinang'aa, nami siku zote niliamini kwamba kung'aa huko ndiko ubora wenyewe. Naomba wenye ujuzi mnieleze: je, ni kweli punje zinaweza kuua mashine, na nikifika dukani nitambue vipi zile zinazofaa?

#2 Fundi_Kiwembe

Mkuu, mwenzangu alikuambia kweli, ila alikata maelezo katikati. Punje iliyokaangwa kwa wastani ina rangi ya kahawia na ngozi kavu. Mafuta yake bado yamo ndani. Ikikaangwa hadi kuwa nyeusi, kuta zake za ndani huvunjika na mafuta husukumwa nje mpaka yatande juu ya ngozi. Hapo ndipo matatizo huanza, kwa sababu katika mashine hizi punje hushuka kwenye meno ya kisagio kwa uzito wake tu, hakuna mkono wa kuzisukuma. Punje zenye mafuta hushikana, hujenga daraja juu ya tundu la kisagio, na chini yake kunabaki pango tupu. Kisagio kinazunguka bila kupata kitu, mashine inahesabu kwamba tangi ni tupu, nawe unasimama hapo ukiiona imejaa na kuiita mwongo.

Jambo la pili ni unga wenyewe. Unga wa kahawa yenye mafuta mengi hugandamana kwenye mfereji unaotoka kwenye kisagio kwenda kwenye kitengo cha kuchujia. Mashine nyingi hupima unga kwa muda au kwa mizunguko ya kisagio, si kwa mizani, kwa hiyo mfereji ukiziba nusu, kikombe hupata nusu ya unga. Mwenye mashine akiona kahawa nyepesi, anakaza kisagio kisage laini zaidi, na unga laini zaidi huziba haraka zaidi. Nadhani hilo ndilo lililokukuta.

Kipimo changu ni rahisi: chukua punje kumi, ziweke juu ya karatasi laini ya chooni au ya mezani, zilale usiku mmoja. Asubuhi karatasi ikiwa na madoa ya mafuta, hizo ni za chungu na kinu cha mkono, si za mashine yako.

#3 Jirani_Mchokozi

Mashine ya mamilioni inashindwa na kahawa ambayo muuza kahawa wa kona yetu anaichemsha kwenye dele kwa mkaa tangu ujana wake na dele halijawahi kumwambia kwamba punje zimekwisha. Natania, mkuu. Pole kwa hasara.

#4 Mwana_Kamachumu

Naomba kuchangia kwa upande wa aina ya kahawa, maana naona mada inaelekea kwenye ukaangaji peke yake. Robusta ya kwetu Kagera ina mafuta kidogo kuliko arabika. Kwa uzito mkavu, arabika hubeba takriban asilimia 15 hadi 17 ya mafuta, na robusta huwa kama asilimia 10 au 11 hivi. Ikiwa adui ni mafuta, basi jibu la swali la mleta mada liko Bukoba, na faida yake ya ziada ni ile krema nene juu ya kikombe ambayo robusta huitoa vizuri kuliko arabika. Sisi tumezitafuna buni zilizochemshwa na majani ya viungo na kukaushwa kabla hata hizo mashine hazijaundwa, na meno yetu bado yapo. Sembuse meno ya chuma.

#5 Mwalimu_Ruiru

Mwana Kamachumu, takwimu zako ni sahihi, lakini hitimisho lako linahitaji kusahihishwa. Mafuta yaliyomo ndani ya punje ni jambo moja, na mafuta yaliyo juu ya ngozi ni jambo jingine. Kisagio hakijali sana kilichofungwa ndani. Kinachokisumbua ni kinachonata nje, na hicho hutegemea moto wa mkaangaji zaidi kuliko ukoo wa mti. Arabika yenye asilimia 16 iliyokaangwa kwa wastani itakuwa kavu kama njugu, wakati robusta yenye asilimia 10 iliyounguzwa itang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride.

Ningependa pia kuongeza tahadhari ambayo haijatajwa, nayo ni mawe. Hapa Kenya tuna kahawa tunayoiita mbuni, yaani ile iliyoachwa ikakaukia katika ganda lake bila kuoshwa, na ambayo mara nyingi ni ya mwisho wa mavuno. Kahawa yoyote iliyokaushiwa chini, juu ya udongo au turubai, hubeba vijiwe, na kijiwe kimoja chenye ukubwa wa punje huweza kuvunja meno ya kisagio ya kauri au kuyachonga ya chuma. Wakaangaji wakubwa huwa na mtambo wa kutenganisha mawe. Jamaa anayekaanga nyumbani hana. Mafuta yatakusumbua kwa miezi, lakini jiwe linamaliza kazi kwa sekunde moja.

#6 Mwana_Kamachumu

Mwalimu, nakubali kusahihishwa juu ya moto, ila juu ya mawe naona kama umelenga Kagera bila kuitaja. Siku hizi wakulima wengi wanatumia chanja za kuanikia zilizoinuliwa kutoka ardhini.

#7 Mwalimu_Ruiru

Sikuilenga Kagera. Nimetaja mbuni, ambayo ni ya kwetu. Hata hivyo nafurahi kusikia habari ya chanja.

#8 BintiMvita

Assalaam aleikum. Mnanishangaza kwamba mpaka chapisho la saba hakuna aliyetaja maji. Nimetumia mashine ya aina hii Mombasa kwa miaka minne, na katika muda huo kilichonisumbua hakikuwa punje hata mara moja, kilikuwa ni chokaa. Visima vya mji wetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chumvi za kalisi ambazo, yakipata moto, hujigandisha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Ndani ya mashine njia za maji ni nyembamba mno. Ukoko ukizidi, pampu inanguruma, maji yanapita kwa matone, kahawa inatoka kidogo na vuguvugu, na mtu anaambiwa, "Ni punje zako." Mleta mada ametuambia kahawa ilikuwa nyepesi na mashine imekwama. Je, aliwahi kuiondoa chokaa hata mara moja katika miezi minane?

#9 Mnywaji_wa_Sinza

Bi Mvita, naona aibu kujibu. Kuna taa ya rangi ya chungwa ambayo iliwaka kama mwezi wa tatu na haikuzimika tena. Nilidhani ni pambo. Maji ninayotumia ni ya kisima cha nyumbani.

#10 Jirani_Mchokozi

"Nilidhani ni pambo." Nimeicheka hii peke yangu ndani ya daladala mpaka kondakta akaniuliza kama nimelipa.

#11 Fundi_Kiwembe

Bi Mvita ana hoja, lakini tusichanganye magonjwa mawili. Chokaa hukaa kwenye njia ya maji. Haiwezi kupanda kwenye kisagio. Mleta mada ameona kwa macho yake utando mweusi kwenye koo la kisagio, na huo ni mafuta na unga. Inawezekana kabisa mashine yake ilikuwa na yote mawili, kwa maana anayeiacha taa miezi mitano ndiye huyohuyo asiyesafisha kisagio.

Nimpe onyo kuhusu kuondoa chokaa, kwa sababu najua anakwenda kufanya nini jioni ya leo. Asitumie siki, maana hula oringi na mipira ya ndani, na harufu yake hubaki kwenye kahawa kwa wiki. Asikamulie ndimu pia. Ina nyuzinyuzi na sukari. Atafute dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

#12 Mkaangaji_Rau

Wakuu, mimi hukaanga kahawa kwa kiasi kidogo hapa Moshi, na ningependa kueleza kinachotokea ndani ya ngoma ya kukaangia, kwa sababu mnunuzi akielewa hatua hizo hatadanganywa na neno lililoandikwa kwenye pakiti.

Punje mbichi ikipata joto la karibu nyuzi 200 hulia, mlio mkubwa unaofanana na wa bisi. Huo ni mlio wa kwanza. Kuanzia hapo kahawa inanyweka. Ukiendelea mpaka karibu nyuzi 225 hivi, inalia tena, safari hii kwa sauti nyembamba na ya harakaharaka, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Huo ni mlio wa pili, na ndio mpaka ambao Fundi Kiwembe aliuzungumzia katika chapisho la pili: gesi iliyo ndani inapasua kuta na kusukuma mafuta nje. Kahawa iliyotolewa kabla ya mlio wa pili hukaa kavu kwa muda mrefu. Iliyovuka mlio huo inaweza kutoka kwenye ngoma ikiwa tayari inang'aa.

Kuna hali ya katikati, na ndiyo inayowaponza wengi. Punje iliyotolewa mlio wa pili ulipokuwa ndio kwanza unaanza huweza kuonekana kavu siku ya kwanza, lakini baada ya wiki mbili au tatu mafuta hutokeza polepole kama jasho. Mnunuzi anaiona dukani ikiwa kavu, anajaza tangi, anasafiri, anarudi anakuta punje zimeshikana. Ndiyo sababu nawashauri wateja wangu waangalie tarehe ya kukaangwa, wanunue kiasi cha wiki mbili, na wasigeuze tangi la mashine kuwa ghala. Weka ya siku mbili tu. Sehemu ya juu ya mashine hupata joto, na joto huharakisha jasho hilo.

Mwenye kuhitaji maelezo zaidi au punje zenyewe aniandikie faraghani.

#13 Kihamba_Chetu

Nilikuwa nakusoma kwa heshima, mangi, mpaka nilipofika mstari wa mwisho. Somo zuri, tangazo fupi.

Hata hivyo aliyoyasema ni kweli. Kwetu Kibosho bibi alikuwa akikaanga kwenye kikaango cha chuma juu ya kuni, na nusu ya punje zilikuwa nyeusi, robo za kahawia, na zilizobaki hazijaiva. Ukiisaga kwenye kinu na kuichemsha, haikuwa na neno. Mashine ya espresso haisamehi mchanganyiko huo, kwa kuwa punje zisizoiva ni ngumu kama mawe na zilizoungua zinapondeka zikiguswa tu, na kisagio kimewekwa kipimo kimoja kwa zote. Kwa hiyo mleta mada asiangalie rangi tu, aangalie pia kama rangi ni moja katika pakiti nzima.

#14 Mbeba_Box_Hamburg

Habari za nyumbani. Niko Ujerumani, ambako mashine hizi zimo katika nyumba nyingi, na madukani kuna rafu nzima ya punje za ajili yake. Niongeze mambo mawili.

Kwanza, neno "espresso" kwenye pakiti si ruhusa. Watu wengi huona mashine yao inaitwa ya espresso, wakachukua pakiti iliyoandikwa espresso, na mara nyingi ndiyo iliyokaangwa nyeusi kuliko zote. Huku wenye mashine zinazojiendesha huchukua zaidi pakiti zilizoandikwa "Caffè Crema", ambazo kwa kawaida hukaangwa kwa wastani na huwa kavu.

Pili, vitabu vya maelekezo vya mashine hizi hukataza waziwazi punje zilizokaangwa kwa sukari. Uhispania wana kahawa ya namna hiyo, wanaiita torrefacto; Vietnam nako ukaangaji wa kuongeza sukari na siagi ni jambo la kawaida. Sukari hiyo huyeyuka kwa joto la msuguano, kisha hugandia kwenye meno ya kisagio kama karameli kwenye sufuria. Hali ni hiyohiyo kwa kahawa zilizotiwa vionjo vya vanila au karanga, kwa sababu vionjo hivyo hupakwa juu ya punje vikiwa majimaji. Mafuta ya kawaida unaweza kuyasugua yakatoka. Sukari iliyoganda ni lazima ufungue kisagio chote.

#15 Shangazi_Muscat

Asanteni kwa darasa. Mimi niko Oman, na nina kesi yangu ya kuungama. Kahawa yetu ya hapa hukaangwa kidogo na kutiwa iliki. Siku moja nilikuwa na wageni, nikaona uvivu wa kutwanga, nikachanganya punje na iliki nzima nikamimina kwenye tangi la mashine ya mwanangu. Vikombe viwili vya kwanza vilinukia vizuri mno. Cha tatu hakikutoka. Maganda ya iliki yalijifunga kwenye meno kama katani, na mpaka leo, baada ya kusafishwa mara tatu, mwanangu akinywa kahawa yake asubuhi hunitazama bila kusema kitu.

Swali langu ni hili: zile punje za kahawa nyepesi, zilizokaangwa kidogo kama za kwetu, ni salama kwa kisagio ikiwa hazina iliki? Kwa hoja za mafuta naona zingekuwa bora kuliko zote.

#16 Mwalimu_Ruiru

Shikamoo Shangazi. Hapana, haziwi bora kwa kadiri zinavyokaangwa kidogo. Moto ndio unaoilainisha punje. Iliyotolewa mapema hubaki ngumu, na ikiwa ni arabika ya miinuko ya juu, kama SL28 inayolimwa mlimani ambako tunda huiva polepole, ugumu huo huongezeka. Visagio vya mashine hizi huwa na mota ndogo. Nimewahi kusikia kimoja kikilia kwa uchungu, kikasimama, kikajaribu tena, mpaka mwenyewe akakizima. Kwa maoni yangu punje zilizokaangwa kidogo sana zinachosha mashine kuliko hata zile za mafuta.

#17 Shangazi_Muscat

Marahaba Mwalimu. Basi nimekosa kotekote.

#18 Fundi_Kiwembe

Hapa natofautiana na Mwalimu. Nimefungua mashine nyingi zilizozibwa na mafuta, nyingine chache zilizoliwa na mawe, lakini sijafungua hata moja ambayo mota yake ilikufa kwa sababu ya kahawa iliyokaangwa kidogo. Ikisimama, legeza kisagio hatua moja au mbili kisage chenga zaidi, itaendelea. Ila kumbukeni kugeuza kipimo hicho wakati kisagio kinazunguka. Ukikikaza kikiwa kimesimama na punje zimo kati ya meno, unazibana mahali pamoja, na hilo ndilo hukwamisha mota.

#19 Mwalimu_Ruiru

Fundi, wanaokuletea mashine ni wale ambao zao zimekufa. Zile zinazoteseka polepole huzioni.

#20 Fundi_Kiwembe

Na wewe Mwalimu umesikia moja.

#21 MamaKijacho_Dodoma

Samahani kwa kuingilia. Mimi kwa sasa natumia kahawa iliyoondolewa kafeini kwa sababu za kiafya. Pakiti imeandikwa kuwa imekaangwa kwa wastani, lakini punje ni nyeusi na zina mng'ao kidogo. Je, nimedanganywa?

#22 Mkaangaji_Rau

Hujadanganywa, dada. Kuondoa kafeini hufanyika punje ikiwa mbichi, kwa kuilowesha na kuivuta kafeini kwa maji, kwa kiyeyushi au kwa gesi ya kabonidioksidi, na kazi hiyo hulegeza muundo wake na kubadilisha rangi. Ikikaangwa huonekana nyeusi kuliko ilivyo, na mafuta hutokeza mapema hata kama moto ulikuwa wa wastani. Fanya kile kipimo cha karatasi cha chapisho la pili, nunua pakiti ndogo, na usafishe kisagio mara nyingi zaidi. Sikuandikii tangazo, nisije nikasemwa tena.

#23 Kihamba_Chetu

Tumekusikia, mangi.

#24 Mpita_Njia_77

Nimesoma kwamba ukisaga mchele mkavu kwenye kisagio, unasafisha mafuta yote. Mchele tunao, tena wa Kyela. Mleta mada ajaribu.

#25 Fundi_Kiwembe

Tafadhali asijaribu. Mchele mkavu ni mgumu kuliko punje iliyokaangwa, na wanga wake hubaki kwenye mfereji. Ukikutana na mvuke unakuwa uji. Njia ya salama ni kumaliza punje za tangini, kufyonza mabaki kwa mashine ya kufyonzea vumbi, kufuta kuta za tangi kwa kitambaa kikavu, kisha kusaga punje kavu za wastani gramu 50 au zaidi na kuzitupa. Kyela wapeleke mchele wao kwenye pilau.

#26 BintiMvita

Hata kama tunakubali kwamba ni mafuta, bado sikubali kwamba punje ndizo zenye makosa. Mafuta hayo yanaishia wapi? Kwenye kitengo cha kuchujia. Katika mashine nyingi, kwa mfano za De'Longhi na Philips, kitengo hicho huchomolewa kwa mkono, na mwenye mashine hutakiwa akioshe kwa maji, bila sabuni, karibu kila wiki. Katika za Jura hakichomolewi, hivyo husafishwa kwa vidonge maalumu vya kuyeyusha mafuta. Mtu asiyefanya lolote kati ya hayo ataharibu mashine hata kwa kahawa kavu kama mchanga, itachukua tu muda mrefu zaidi. Mimi nimewahi kutumia punje za mafuta kwa mwaka mzima kwa sababu mume wangu hapendi nyingine, na mashine ilidumu, kwa kuwa kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikuwa naichomoa na kuiosha.

#27 Mbeba_Box_Hamburg

Bi Mvita, nakuunga mkono kwa kitengo cha kuchujia, lakini kisagio chenyewe hukichomoi kila Ijumaa. Meno yake katika mashine nyingi hayafikiki bila bisibisi. Hapo ndipo punje zinapobaki kuwa uamuzi wa msingi: kile usichoweza kukisafisha, usikichafue.

#28 Mwana_Kamachumu

Nimerudi. Nimefanya kile kipimo cha karatasi kwa pakiti tatu nilizonazo nyumbani: robusta tupu ya wastani, mchanganyiko wa robusta na arabika, na arabika ya daraja la AA niliyoletewa zawadi, nyeusi. Robusta haikuacha doa. Mchanganyiko uliacha alama mbili ndogo. AA imelowesha karatasi nzima. Nawaachia muamue.

#29 Kihamba_Chetu

Umelinganisha robusta ya wastani na arabika nyeusi, ndugu yangu. Hata timu yetu ya kijiji ingeshinda ikichaguliwa mpinzani namna hiyo. Na hiyo AA isikutishe: herufi hizo zinasema ukubwa wa punje kwenye chujio, karibu milimita 7, wala hazisemi lolote kuhusu moto. Unaweza kuwa na AA kavu na AA ya mafuta kutoka gunia moja. Watu wengi hulipia herufi wakidhani wananunua usalama wa mashine.

#30 Mwana_Kamachumu

Juu ya herufi umeshinda. Juu ya mpira tutaonana.

#31 Mwalimu_Ruiru

Kabla mada haijaenda uwanjani, nirudi kwenye mawe kwa sentensi moja ya vitendo. Kabla ya kumimina punje tangini, zimwage kwenye sinia jeupe au ungo, uzichambue kama mchele, kwa mkono na kwa jicho. Haichukui dakika mbili. Hata waliochambua mchele tangu utoto, wakifika kwenye kahawa humimina moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, kana kwamba pakiti haidanganyi.

#32 Mnywaji_wa_Sinza

Wakuu, asanteni sana. Naleta mrejesho baada ya wiki tatu.

Nilinunua arabika ya Mbinga iliyokaangwa kwa wastani, rangi ya kahawia moja, tarehe ya kukaangwa ikiwa ya wiki moja nyuma. Karatasi imelala nazo usiku mmoja bila doa. Nilizichambua kwenye sinia, Mwalimu, na nilipata kijiti kimoja, jiwe hapana. Tangini naweka za siku mbili. Siku hiyohiyo niliondoa chokaa kwa dawa, maji ya kwanza yaliyotoka yalikuwa na rangi ya maziwa, na ile taa ya pambo imezimika. Nilichomoa pia kitengo cha kuchujia, nikakiosha, nikapaka oringi grisi ya jikoni kama kitabu kinavyoelekeza. Tangu hapo mashine haijaniandikia lolote, na kahawa imerudi nzito. Yule jamaa anayekaanga nyumbani bado ninanunua kwake, ila hizo nachemsha kwenye birika siku za Jumapili.

#33 BintiMvita

Maji ya rangi ya maziwa. Nilisema.

#34 Mwana_Kamachumu

Wastani sawa, lakini Mbinga? Bukoba kuna ubaya gani?

#35 Fundi_Kiwembe

Mkuu, umebadilisha punje, maji na usafi kwa siku moja, kwa hiyo kila mmoja wetu atadai ushindi. Niambie jambo moja tu litakalosaidia. Ulipochomoa kitengo cha kuchujia, ule utando mweusi ulikuwa umerudi kwenye mdomo wa mfereji unaotoka kwenye kisagio, au ulikuwa chini tu, kwenye chujio lenyewe? Ukiwa juu, ni punje. Ukiwa chini tu, Bi Mvita ana haki ya kusema ni usafi.

#36 Mnywaji_wa_Sinza

Fundi, nilikiosha kwanza. Swali hilo nimelikumbuka kikiwa kimeshakauka kwenye kichanja cha vyombo.